Tangi la matumbawe la kununua tayari: linastahili bei yake ukiwa Kigoma? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mtu wa Kigoma mjini, Ujiji, Uvinza au Kasulu anayetaka kufuga matumbawe na samaki wa bahari nyumbani, na ambaye ameona tangi zuri la kiwanda likiuzwa kwa fedha nyingi. Hesabu zote ni za tangi la lita 250, kwa sababu ndilo ukubwa ambao wengi huanza nao na unaovumilia makosa madogo.

Kwa kifupi, linastahili au halistahili?

Kioo, mfumo wa kushusha maji na sampu (tangi dogo la chini lenye vifaa vya kusafisha maji) vya kiwandani vinastahili bei yake, ikiwa una uwezo. Kifurushi kilichofungwa, ambamo taa, pampu na skima (kifaa kinachotoa uchafu majini kwa povu) vimebuniwa kukaa humo tu na haviwezi kubadilishwa na vya aina nyingine, hakistahili kwa mtu wa Kigoma. Siku pampu ya namna hiyo itakapokufa, utasubiri wiki kadhaa kifaa chake kitoke ng'ambo, na matumbawe hayana wiki kadhaa.

Kuna sharti moja linalotangulia yote: kama huna betri ya kuendesha pampu usiku kucha umeme ukikatika, usinunue tangi lolote la matumbawe, la bei kubwa wala la bei ndogo. Anza na betri.

"Tangi la tayari" maana yake nini hasa?

Yapo ya aina mbili, na wauzaji huyachanganya. Aina ya kwanza ni tangi, kabati, mabomba na sampu tu. Taa, skima na pampu unachagua mwenyewe. Red Sea Reefer ya awali iliuzwa hivyo. Aina ya pili ni kifurushi kamili: taa, pampu, skima na chujio vyote vimo, kama mfululizo wa Red Sea MAX. Uliza kabla ya kulipa, tena uliza kwa maandishi, maana picha ya tangazo huonyesha taa inayong'aa hata pale ambapo taa haimo katika bei.

Ile fedha ya ziada inanunua nini?

Kwanza ni kioo chenye chuma kidogo, ambacho hakina ule ukijani wa kioo cha kawaida. Uzuri huo ni wa macho. Tumbawe halijui tofauti.

Pili, na hapa ndipo thamani ilipo, ni kisanduku cha kushusha maji kutoka tangini kwenda kwenye sampu. Cha kiwandani huwa na bomba kuu lenye valvu ya kurekebisha na bomba la dharura lililo juu zaidi. Konokono au jani la mwani likiziba bomba kuu, maji hupanda sentimita mbili tatu yakapita kwenye la dharura badala ya kumwagika sebuleni. Mfumo uliorekebishwa vizuri hausikiki. Ule mbaya hukoroma usiku kucha, na watu wameacha ufugaji kwa sababu ya kelele hiyo tu.

Tatu ni sampu iliyogawanywa kwa vipimo sahihi: chumba cha skima chenye kina kisichobadilika, cha pampu, na cha maji ya kujazia. Skima hutoa povu vizuri ikiwa kina cha maji hakichezi. Kwenye sampu iliyotengenezwa kwa kukisia, kina hupanda na kushuka, leo skima inafurika, kesho haitoi kitu.

Nne ni kabati lisilofumuka kwa unyevu. Usilipuuze. Mbao za unga wa mbao uliobanwa hunywa maji ya chumvi, huvimba, na tangi likiinama milimita chache mgandamizo wote huenda kwenye kona moja.

Fundi wa vioo wa Mwanga au Gungu anaweza kunitengenezea?

Anaweza, na wengi wana mikono mizuri. Tatizo ni kwamba kazi yao ya kila siku ni madirisha na milango, na dirisha halibebi robo tani ya maji. Mpe maelezo haya neno kwa neno.

Tangi la sentimita 100 kwa 50 kwa 50 linataka kioo cha milimita 12 ikiwa halina mikanda juu, au milimita 10 ikiwa lina mikanda ya kioo yenye upana wa sentimita 5 kuzunguka juu na mmoja katikati. Kioo cha milimita 6, ambacho ndicho kipo tele dukani, kitapinda kwa kina hicho, na gundi itachanika baada ya miezi. Kingo zote zisagwe kabla ya kuunganishwa. Matundu ya mabomba yatobolewe kabla ya kuunganisha, na kioo cha kutobolewa kisiwe kile kilichochomwa kiwandani kuwa kigumu, kwa sababu kikiguswa na keekee hupasuka vipande vidogo vidogo.

Silikoni iwe silikoni tupu, ile inayonuka siki inapokauka, isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Hapa ndipo makosa mengi hutokea: silikoni ya bafuni huwekwa dawa hiyo makusudi, na dawa inayoua ukungu huua pia viumbe vya tangini. Kingo zipanguswe kwa asetoni au spiriti, zisiguswe tena kwa vidole, kisha iachwe nafasi ya milimita 2 hadi 3 ya silikoni kati ya kioo na kioo. Fundi akikandamiza mpaka vioo vigusane, kiungo hakina mnyumbuko na kitaachia. Subiri siku 7 kamili, kisha jaza maji ya kawaida na uliache nje juma zima likiwa limesimama juu ya meza iliyonyooka.

Uzito, tukikadiria kwa juu: maji kilo 250 na zaidi kidogo, kioo cha milimita 12 kilo 60, mawe 20, mchanga 15, kabati 40. Unakaribia kilo 400 juu ya nusu mita ya mraba. Sakafu ya saruji iliyomwagwa juu ya ardhi hubeba bila wasiwasi.

Ukiweza kumsimamia fundi kwa uvumilivu huo, utaokoa sehemu kubwa ya bei. Usipoweza kuwa pale anapounganisha, nunua la kiwanda. Sisi tungepima hivyo tu.

Waranti ya kiwanda itanisaidia?

Kwa nadra. Muuzaji wa Ulaya au Uarabuni atataka picha, namba ya tangi na pengine tangi lenyewe, na kulirudisha kutoka Kigoma kunagharimu kuliko kununua kioo kipya. Unapolinganisha bei, hesabu kwamba waranti ni sifuri.

Gharama kamili ni kiasi gani, mbali na tangi?

Ng'ambo, tangi la kiwanda la lita 250 bila taa kwa kawaida huanzia dola elfu moja na mia kadhaa. Juu yake kuna usafiri wa mzigo mkubwa usiopangwa juu ya mwingine, ushuru wa forodha kulingana na aina ya bidhaa, VAT ya asilimia 18, na safari ya zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam. Mwombe wakala wa forodha akupe makadirio kabla ya kuagiza. Kisha tenga kiasi kingine kinachokaribia bei ya tangi kwa ajili ya taa, skima, pampu, mashine ya RO (ya kuchuja madini majini kwa utando), vifaa vya kupimia maji, mawe na chumvi. Mtu anayemaliza akiba yote kwenye kioo hubaki na sanduku zuri lililo tupu, au, vibaya zaidi, hulijaza viumbe kabla ya kuwa na vifaa.

Halafu kuna matumizi ya kila mwezi, ambayo ndiyo huchosha watu. Chukua umeme. Taa ya wati 90 kwa saa 9 ni uniti 0.81 kwa siku. Pampu ya kurudisha maji ya wati 25 saa zote ni 0.6. Pampu mbili za mawimbi, wati 20 kwa jumla, ni 0.48. Skima ya wati 15 ni 0.36. Weka feni na hita kwa wastani wa 0.25. Jumla ni uniti 2.5 kwa siku, yaani 75 kwa mwezi. Kwa shilingi 350 kwa uniti, hiyo ni shilingi 26,250 za Luku. Na ikiwa nyumba yako iko kwenye bei nafuu ya watumiaji wadogo yenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, tangi peke yake litakimaliza kikomo hicho, na friji, taa na pasi za nyumbani vyote vitahamia kwenye bei ya juu. Hesabu hii watu wengi hawaifanyi mpaka wanapoona uniti zinakwisha tarehe kumi.

Chumvi: kila lita ya maji inachukua gramu 36 hadi 38 za chumvi ya kuchanganya, ile maalumu ya kutengenezea maji ya bahari. Mawe na mchanga vikishachukua nafasi, tangi na sampu hubaki na lita kama 220 za maji, kwa hiyo kilo 8 za kuanzia. Ukibadilisha lita 25 kila wiki, ni karibu kilo 4 kwa mwezi. Ndoo ya kilo 20 itakufikisha miezi mitatu ya mwanzo, na ndoo ya pili miezi mitano. Agiza mbili kwa pamoja. Kukosa chumvi ya kubadilishia maji wakati amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, imepanda ni kukosa dawa mgonjwa akiwa kitandani.

Umeme ukikatika, nini kinakufa kwanza?

Samaki, kwa kukosa oksijeni. Tumbawe hufuata. Joto na mwanga vinaweza kusubiri. Matumbawe hukaa siku mbili gizani bila madhara makubwa. Mzunguko wa maji hausubiri. Tangi lenye samaki wachache linaweza kuvumilia saa kadhaa maji yakiwa yamesimama, lakini usiku, mwani ukiwa hautoi oksijeni na kila kiumbe kinaivuta, muda huo hufupika sana.

Kwa hiyo unahitaji betri kwa ajili ya pampu tu. Pampu ya kurudisha na za mawimbi ni wati 45. Betri ya volti 12 yenye Ah 100 ina wati-saa 1,200, lakini betri ya risasi usiitumie chini ya nusu, na inveta hula kama asilimia 15. Unabaki na wati-saa 510 hivi, ambazo ni saa 11. Ukizima pampu ya kurudisha ukaacha za mawimbi peke yake, unavuka siku nzima. Inveta iwe ya wimbi safi (pure sine wave). Zile za bei ndogo hufanya pampu zivume na kupata moto. Usiunganishe hita kwenye betri.

Kigoma iliishi kwa majenereta ya dizeli miaka mingi, na kila mwenye friji hapa anajua kwamba umeme unaporudi ndipo huunguza vitu. Weka kifaa kile cha kulinda friji, kinachochelewesha umeme dakika chache na kukata volti ikipanda au kushuka. Taa za LED za tangi ndizo huungua kwanza, nazo ndizo ghali.

Jambo jingine la umeme kukatika ni mafuriko. Pampu ikisimama, maji yaliyo juu ya ukingo wa kisanduku hushuka kwenye sampu. Kwa tangi la sentimita 100 kwa 50, kila sentimita moja ya kina ni lita 5. Sentimita mbili ni lita 10, pamoja na yaliyo kwenye mabomba. Acha nafasi ya lita 20 tupu ndani ya sampu. Bomba la kurudisha nalo hunyonya maji kinyume ikiwa mdomo wake umezama sana, ndiyo maana hutobolewa tundu dogo juu ili livute hewa. Tundu hilo huziba kwa mwani. Lisafishe kila mwezi. Siku ya kwanza, ukiwa bado na maji ya kawaida, zima swichi kuu, tazama dakika kumi, washa, rudia mara tatu. Tangi linaloshindwa jaribio hili lisiwekwe chumvi.

Ushauri wetu wa dhati: kabla ya kununua chochote, bandika karatasi ukutani na uandike kila umeme unapokatika kwa siku 30, saa ya kuondoka na ya kurudi. Chukua katiko refu kuliko yote, lizidishe mara mbili, na ununue betri ya kutosha muda huo.

Maji ya bomba yetu ya Kigoma mjini yanatoka ziwani na yana pH ya juu kama ya bahari. Si yanafaa?

Hapana, na sababu inafaa kueleweka. Maji ya Ziwa Tanganyika yana pH kati ya 8.6 na 9.2 na alkaliniti, yaani kiasi cha kaboneti kilichomo majini, ya digrii 16 hadi 18 za kipimo cha KH. Tangi la matumbawe linataka digrii 8 hadi 9. Chumvi ya kuchanganya huja na alkaliniti yake, kwa sababu watengenezaji wanadhani utaiweka kwenye maji yasiyo na kitu. Ukiimwaga katika maji ya ziwa, unapata digrii kama 25. Kwa kiwango hicho kalsiamu na kaboneti hushikana na kuanguka kama unga mweupe, hita na pampu zinafunikwa gamba, na kalsiamu ambayo tumbawe lingejengea mifupa imekwisha kabla tumbawe halijafika.

Unahitaji mashine ya RO yenye hatua nne: chujio la tope, kaboni, utando, na mwishoni kopo la rezini linalonasa madini yaliyobaki. Kaboni iko kabla ya utando kwa sababu klorini ya maji ya bomba huuharibu. Utando wenyewe hufanya kazi vizuri kwa mgandamizo wa baa 3.5 hadi 4, na hapa wengi hushangaa: simtanki juu ya mnara wa mita 6 hutoa baa 0.6 tu. Bila pampu ndogo ya kuongeza mgandamizo, maji yatatoka matone, tena machafu. Maji ya ziwa husoma zaidi ya 400 kwenye mita ya TDS, inayopima madini yaliyoyeyuka majini. Baada ya utando mzuri tarajia 15 hadi 20, na baada ya rezini sifuri. Kwa kuwa maji yetu yana madini mengi, rezini itakwisha mapema kuliko inavyoandikwa kwenye kifurushi. Mita ikionyesha 2 au 3, badilisha.

Kwa wiki utahitaji lita 25 za kubadilisha na lita 21 hivi za kufidia yanayokauka, jumla 46. Kwa kila lita moja safi, mashine humwaga tatu, yaani karibu lita 140. Maji hayo hayana sumu. Yafulie, yamwagilie mchicha.

Chumvi ya Uvinza ni safi na iko karibu. Kwa nini nisiitumie?

Chumvi ya Uvinza imelisha watu wa ukanda huu kwa karne nyingi, na kwa chungu haina mpinzani. Lakini ni chumvi ya chakula, karibu yote sodiamu na kloridi. Maji ya bahari katika kila lita yana pia miligramu 1,280 hivi za magneziamu, 400 na kidogo za kalsiamu, karibu 400 za potasiamu, salfeti zaidi ya gramu 2, na bikaboneti. Chumvi ya mezani kwa kawaida huwekewa madini joto pia. Tumbawe litakalowekwa humo litajikunja siku ile ile. Hakuna njia ya mkato hapa.

Pima chumvi kwa refraktomita, kifaa kinachoipima kwa mwanga, si kwa kipimo cha plastiki chenye mkono unaoelea, ambao hushikwa na viputo. Lengo ni sehemu 35 kwa elfu, au uzito linganishi wa 1.026 kwenye nyuzi 25.

Je, joto la Kigoma linahitaji mashine ya kupoza?

Mara nyingi halihitaji. Lengo ni nyuzi 24 hadi 26, na taa na pampu huongeza nyuzi moja hadi tatu juu ya joto la chumba. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji hushusha nyuzi mbili au tatu kwa kukausha maji, kwa hiyo ongeza maji ya kujazia. Agosti hadi Oktoba, kabla ya mvua, ndipo pagumu. Tangi la kifurushi lenye kifuniko kizima hufungia joto ndani. Hiyo ni sababu nyingine ya kutolipenda hapa. Hita nayo usiiache, Juni na Julai usiku hupoa.

Nikinunua la bei kubwa, nitaweka matumbawe mapema zaidi?

Hapana. Bakteria hawajui bei ya tangi. Amonia lazima igeuke naitraiti, kisha naitreti, na kazi hiyo huchukua wiki 4 hadi 6. Weka amonia mpaka ifike miligramu 2 kwa lita, pima kila siku mbili. Ukiweka kipimo hicho na baada ya saa 24 amonia na naitraiti zote zikasoma sifuri, tangi limeiva. Badilisha sehemu ya maji, weka samaki mmoja au wawili.

Kati ya mwezi wa pili na wa sita utaona vumbi la kahawia, kisha utando mwekundu, kisha mwani wa nywele. Wengi hukata tamaa hapo na kumwaga dawa. Tangi linakomaa, punguza chakula, ongeza konokono, endelea kubadilisha maji. Tumbawe la kwanza liwe laini na lisilokufa upesi: uyoga wa Discosoma, tumbawe la ngozi la Sarcophyton, au xenia. Yale ya matawi yenye mifupa migumu yasubiri mwaka.

Matumbawe nitayatoa wapi? Naweza kuyachukua Mafia au Bagamoyo nikienda pwani?

Usiyachukue. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa mwaka 1995 kuyalinda haya haya, na miamba ya pwani yetu imeumizwa vya kutosha na baruti. Matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo kuyavusha mpaka kunahitaji vibali. Njia safi ni vipande vilivyokuzwa tangini, kutoka kwa mfugaji au muuzaji mwenye karatasi. Ofisi ya uvuvi itakueleza vibali vinavyohitajika kabla hujalipa.

Kwa samaki, chagua wale wa anemoni (clownfish) waliozaliwa tangini. Wakifungwa vizuri kwa oksijeni katika mfuko wa theluthi moja maji na theluthi mbili hewa, huvumilia safari ya siku nzima. Ndege ya Dar es Salaam kuja Kigoma ni salama kuliko basi, kwa sababu ya muda na joto. Lita 250 zinatosha samaki wadogo 4 hadi 6, si zaidi.

Alkaliniti ikishuka naweza kutumia magadi?

Magadi ya kulainishia maharage yana uchafu usiojulikana, yaache jikoni. Tumia bikaboneti ya sodiamu safi, yaani soda ya kuokea isiyochanganywa na kitu. Gramu 6 katika lita 200 hupandisha digrii 1. Iyeyushe kwanza kwenye maji ya RO, na usivuke digrii 1 kwa siku. Unga wa kuumulia keki si kitu hicho hicho, kwani una asidi ndani.

Tangi la mkononi, lililotumika?

Zuri, ukilijaza mbele ya mwenye nalo kwa saa 24. Kagua silikoni ya kona kwa tochi. Ikiwa ina viputo au imeachia kingo, punguza bei kwa gharama ya kufumua na kuunganisha upya. Uliza kama liliwahi kuwekwa dawa ya shaba ya kutibu samaki. Shaba ikishaingia kwenye mawe, na pengine kwenye silikoni, inaweza kuua kamba na matumbawe muda mrefu baadaye.

Si bora nianze na dogo la lita 50?

Ni nafuu kununua na gumu kutunza. Nusu lita ya maji ikikauka, chumvi imepanda. Samaki mmoja akifa nyuma ya jiwe, amonia imejaa. Kama fedha haitoshi lita 250, subiri.

Na kwa nini nisifuge samaki wa ziwa letu?

Swali hili tungependa kila mtu ajiulize kabla ya kutuma fedha ng'ambo. Wafugaji wa Ujerumani, Marekani na Japani hulipa ghali kupata samaki wanaoogelea kando ya miamba yetu. Frontosa wa mistari saba hujulikana duniani kwa jina la Kigoma. Tropheus, Julidochromis wenye milia, Cyprichromis wanaotembea kwa makundi, na wale wadogo wanaozaa ndani ya makombe ya konokono Neothauma: wengi wao hawapo kwingine kokote duniani ila ziwa hili.

Tangi la lita 250 la samaki hawa linataka kioo, mawe, mchanga wa ziwa uliooshwa, chujio la sponji mbili na taa ya kawaida. Maji ya bomba ambayo ni adui wa matumbawe hapa ndiyo hasa wanayoyataka. Yaache ndoo wazi siku moja au weka dawa ya kuondoa klorini. Hakuna RO, chumvi wala skima. Umeme hupungua mpaka kama robo, na pampu ndogo ya hewa ya betri inawavusha usiku. Wana rangi, wanapigania mipaka, wanalea watoto mdomoni mbele ya macho yako.

Kama kinachokuvuta ni tumbawe lenyewe, umbo lake na jinsi linavyofunguka asubuhi, samaki hawa hawatakitosheleza kiu hicho, na hakuna ubaya. Lakini kama unachotaka ni uhai na rangi sebuleni, tangi la ziwa litakupa hayo kwa sehemu ndogo ya fedha. Nunua kwa mvuaji mwenye leseni ya samaki wa mapambo. Ndani ya hifadhi za Gombe na Mahale usiokote hata kombe.

Kuna hatari yoyote kwa watu wa nyumbani?

Zipo mbili. Matumbawe aina ya zoanthidi, yenye vichwa vidogo vya duara kama vifungo, na jamaa zake yanaweza kuwa na palitoksini, sumu kali sana. Vaa glavu na miwani unapoyakata, na kamwe usichemshe jiwe lililokuwa na matumbawe ili kulisafisha, mvuke wake unaweza kulaza nyumba nzima hospitali. Ya pili ni umeme na maji ya chumvi: kila waya upinde chini ya kiwango cha soketi kabla ya kupanda, ili tone lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye plagi, na fundi umeme aweke swichi ya kukata umeme unapovuja.

Maji ya chumvi niliyotoa niyamwage wapi?

Si kwenye bustani. Lita 25 kwa wiki zina gramu 875 za chumvi, ambazo kwa mwaka ni zaidi ya kilo 45. Migomba na mche wa mchikichi vitakauka. Wala si ziwani, hata kidogo, kwa sababu ya vimelea na mwani wa kigeni. Yamwage kwenye karo la maji machafu ukifuatisha maji mengi ya kawaida, mbali na kisima. Mawe na mchanga vya tangi unalolivunja vikaushwe juani wiki kadhaa kabla ya kutupwa.